Troponini ya baba imetoka hasi lakini kifua bado kinambana, kuna kipimo cha damu cha mapema zaidi?

Dada mmoja wa Tororo ameniandikia hivi: "Daktari habari za kazi. Baba yetu ana miaka 62, aliendesha trela ya Mombasa–Kampala miaka mingi, ana presha na sigara aliacha juzijuzi. Siku ya Jumatatu saa kumi na moja alfajiri kifua kilimbana akiwa kitandani, jasho likamtoka hadi shuka ikalowa. Tukampandisha boda mpaka kliniki, saa kumi na mbili na robo wakampima troponini ikatoka hasi, wakasema ni alsa wakampa dawa. Jana jioni imerudi, amekaa tu anaangalia habari, ikamshika kama nusu saa ikaacha. Kuna kipimo cha damu ambacho kingeonyesha mapema kama moyo umeumia? Kuna maabara wanatangaza paketi ya vipimo vitano vya moyo, tulipe?"

Dada yangu, kabla hujaendelea kusoma muulize mzee kama kifua kinambana saa hii. Kama kinambana, weka simu chini mtafute gari mwende hospitali sasa hivi, hii utaisoma njiani. Kama kimetulia bado mnaenda leo, ila una dakika chache za kunisikiliza ili ukifika kule ujue cha kuuliza.

Nianze na saa, kwa sababu kwenye barua yako jibu lenyewe liko kwenye hizo saa ulizoandika, na nakushukuru sana uliziandika maana wengi wananiambia tu "asubuhi". Maumivu yalianza saa kumi na moja, damu ikatolewa saa kumi na mbili na robo. Hapo katikati ni saa moja na robo. Troponini ya kawaida, hasa ile ya stripu, kile kikaratasi cha mistari kinachotumika kwenye kliniki ndogo, inaanza kuonekana kwenye damu masaa matatu mpaka sita baada ya moyo kuanza kuumia. Kwa hiyo hata kama Jumatatu ile moyo wa mzee ulikuwa unaumia kweli, stripu isingekuwa na kitu cha kuona. Kipimo hakikudanganya, kiliulizwa mapema. Kosa ni kwamba baada ya hapo hakuna aliyekiuliza tena.

Troponini ni protini inayokaa ndani ya nyuzi za msuli wa moyo, kazi yake ni kuuambia msuli ukaze na uachie. Mtu mwenye moyo mzima damu yake ina kidogo sana, kidogo kiasi kwamba mashine za zamani zilikuwa haziioni kabisa. Seli ya moyo ikikosa damu mpaka ikafa, ukuta wake unapasuka na vilivyokuwa ndani vinavuja. Ile troponini kidogo iliyokuwa inaelea ndani ya seli inatoka kwanza, halafu ile iliyofungamana na nyuzi inamomonyoka polepole, ndiyo maana ikishapanda inaweza kukaa kwenye damu wiki moja mpaka mbili. Hilo ni jambo zuri kwenu: kama Jumatatu kuna sehemu ya moyo iliyokufa, kipimo cha leo bado kinaweza kuiona. Hamjachelewa.

Sasa ngoja nikwambie kitu ambacho ningependa kila mtu mwenye mzazi mwenye presha akijue. Kuna hali inaitwa anjaina isiyotulia, na ukweli wake mgumu ni kwamba kwenye hiyo hali damu inaweza kuwa safi kabisa, ukapima mara mbili mara tatu ukakuta hasi, na mgonjwa bado yuko kwenye hatari. Mzee wako ameendesha trela, mwambie kwa lugha yake atakuelewa haraka. Paipu ya dizeli ikiwa na uchafu unaoziba nusu, injini inakatakata mlimani, inatoa moshi, inakosa nguvu, lakini ukiifungua hakuna kitu kilichovunjika. Ukiendelea kuendesha, siku moja ule uchafu unaziba paipu yote na gari linalala barabarani. Kwenye moyo ule uchafu ni utando wa mafuta ndani ya mshipa, ukichanika damu inaganda juu yake, bonge linaziba nusu, linalegea, linaziba tena, ndiyo unaona maumivu yanakuja nusu saa yanaacha halafu kesho yanarudi. Moyo una njaa lakini haujafa. Na troponini inaonyesha kifo cha seli, njaa haiionyeshi.

Ndiyo maana swali lako la "kipimo cha mapema zaidi" ni swali zuri, na watu wamelihangaikia muda mrefu sana. Mwaka 1954 madaktari wa Marekani waligundua kwamba kimeng'enya kimoja, AST, kinapanda mtu akipata shambulio la moyo, hicho hicho ambacho leo tunakipima kujua hali ya ini. Kwa wakati ule yalikuwa maajabu. Leo nikiona AST imewekwa kwenye paketi inayouzwa kama "vipimo vya moyo" nasikitika, kwa sababu familia inalipia kitu kinachopanda kwa ini, kwa misuli, kwa pombe, na kuhusu moyo hakikwambii lolote la kutumia. Baadaye ikaja CK-MB, kimeng'enya cha msuli wa moyo, inapanda kuanzia masaa manne mpaka sita na inarudi chini ndani ya siku mbili tatu. Ilitufaa miaka mingi, lakini troponini ikipatikana CK-MB haikuongezei kitu cha maana.

Kwa haraka ya kupanda kuna mayoglobini, hiyo inaonekana mapema, saa moja mpaka tatu tu. Unaweza kufikiri basi hiyo ndiyo tunayoitafuta. Shida yake ni kwamba inatoka kwenye msuli wowote wa mwili, mtu akibeba magunia ya mahindi asubuhi, akianguka na boda, akipata degedege, inapanda, na figo zikiwa mbovu nayo inapanda. Kuna nyingine inaitwa H-FABP, protini ndogo inayobeba mafuta ndani ya seli za moyo, nayo inavuja mapema ndani ya masaa ya kwanza na watafiti waliitegemea sana, lakini nayo inasumbuliwa na figo, na kabla haijazoeleka troponini za mashine mpya zikaipita. CRP inaonyesha mwili una moto mahali fulani, na kwa nchi yetu hii malaria peke yake inaipandisha juu sana, utaijuaje ni moyo? BNP ni kipimo kizuri, naipenda, lakini inasema moyo unavutika na kuchoka kusukuma damu, ni ya kumfuatilia mwenye moyo uliochoka, kwa swali lako la alfajiri ile haiwezi kukujibu.

Kwa hiyo kuhusu paketi ya vitano, kama ni pesa yangu na baba ni wangu, silipi. Hiyo pesa nainunulia vitu viwili: troponini mara mbili kwa mashine moja, na ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, mara mbili au tatu. Nitakueleza kwa nini mara mbili.

Mashine mpya za maabara kubwa zinapima troponini ile wanaita haisensitiviti, zinanusa kiasi kidogo mno. Hizo zimetuondolea ile ya kusubiri masaa sita. Unatoa damu mgonjwa akifika, unatoa tena baada ya saa moja, mbili au tatu kutegemea utaratibu wa hospitali, halafu unaangalia imetembea kiasi gani. Namba ya kwanza ikiwa chini kabisa, na maumivu yameanza zaidi ya masaa matatu yaliyopita, na ECG iko sawa, hapo daktari ana haki ya kusema kwa uhakika mkubwa kwamba msuli wa moyo haujaumia. Lakini sikia hicho kipande cha katikati, maumivu yawe yameanza zaidi ya masaa matatu. Hata mashine ya bei mbaya kuliko zote haina uwezo wa kuona ambacho bado hakijavuja.

Na kutembea kwa namba ndiyo habari yenyewe. Mtu mwenye figo mbovu anaweza kuishi na troponini iliyo juu kila siku, leo 40 kesho 41, imelala tu. Mwenye shambulio la moyo anaanza 12, baada ya saa mbili 60, baada ya hapo 300, inapanda mlima. Hata mwongozo wa dunia wa 2018 unaotuambia nini kiitwe shambulio la moyo unataka uione ikipanda au ikishuka, pamoja na dalili au mabadiliko ya ECG. Ndiyo maana sio kila troponini iliyo juu ni mshipa wa moyo: bonge la damu kwenye mapafu linaipandisha, presha iliyopitiliza, maambukizi makali ya damu, moyo unaokimbia vibaya, msuli wa moyo kuvimba kwa virusi. Vyote hivyo ni hatari pia, ila dawa zake ni tofauti.

Sasa hili la mashine moja naomba ulishike vizuri maana linatusumbua sana huku kwetu. Mgonjwa anapimwa kliniki Tororo, anapelekwa Mbale anapimwa tena, anakuja Kampala anapimwa ya tatu, na kila karatasi ina namba yake. Hizo namba haziwekwi kwenye mstari mmoja. Kuna troponini T na troponini I, na kila kiwanda kina mpaka wake, namba ambayo ikipitwa tunasema troponini iko juu. Troponini T ya haisensitiviti mpaka wake ni nanogramu 14 kwa lita, kuna mashine ya troponini I inayotumika sana ambayo mpaka wa wanawake ni 16 na wa wanaume ni 34. Halafu kuna vipimio: maabara moja inaandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanogramu kwa lita, kwa hiyo 0.04 ya hapa ni 40 ya pale. Nimewahi kumuona kijana wa watu analia kwenye korido kwa sababu troponini ya mama yake "imetoka 0.03 ikaruka mpaka 28", kumbe ilikuwa imeshuka kidogo na maskini hakuna mtu aliyemwelezea. Ukipewa majibu usikubali neno "hasi" peke yake. Omba namba, kipimio chake, mpaka wa hiyo mashine, na saa damu ilipotolewa.

Stripu siidharau. Kwenye kituo kisicho na umeme wa uhakika ni msaada mkubwa, unadondosha matone ya damu kwenye kile kishimo, unasubiri kama robo saa, unaangalia mistari. Mstari wa pili ukitokea, hata uwe hafifu kiasi kwamba unaisogeza dirishani kuuona vizuri, hiyo ni chanya na mgonjwa anasafiri. Lakini stripu isipoonyesha mstari maana yake ni kwamba mpaka hiyo dakika troponini haijafika kiwango inachoweza kuona, basi. Haina mdomo wa kusema "hana ugonjwa wa moyo".

Nina sababu ya kusema haya kwa ukali. Nilipokuwa daktari mdogo, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, alikuja mama mmoja anauza samaki wabichi, ana sukari. Kifua hakimuumi kabisa, alisema taya linamvuta na anasikia kichefuchefu. Stripu hasi, ECG ya kwanza nzuri, nikaandika asidi ya tumbo, akapewa magniziamu ya kutafuna, akaniambia ametulia, nikamruhusu. Alirudi usiku amebebwa. Hatukuweza kumrudisha. Ilikuwa ni karatasi yangu, mwandiko wangu, na juu ya hiyo karatasi hapakuwa na saa maumivu yalipoanza, kwa sababu sikumuuliza. Tangu hapo nauliza saa kabla ya jina. Na kuhusu ile magniziamu, mtu kutulia baada ya dawa ya tumbo hakuthibitishi ni tumbo, kama vile kutulia baada ya dawa ya moyo inayowekwa chini ya ulimi hakuthibitishi ni moyo, maumivu ya anjaina yanaacha yenyewe muda wake ukifika.

Turudi kwa mzee. Maumivu yaliyomkuta akiwa amepumzika, yakakaa karibu nusu saa, na jasho, na yamerudi ndani ya siku chache, kwa mtu wa 62 mwenye presha na historia ya sigara, hiyo kwangu ni anjaina isiyotulia mpaka ithibitike vinginevyo. Siwezi kumpima kwa simu na naweza kuwa nimekosea, lakini bora nikosee upande huu. Mpelekeni hospitali yenye ECG na daktari, hapo Tororo kama wanayo, la sivyo Mbale. Uganda Heart Institute pale Mulago ndiyo yenye mtambo wa kuingia kwenye mishipa na kuizibua, lakini ni zaidi ya kilomita 200 kutoka kwenu, kwa hiyo aanzie karibu, apewe dawa za kwanza, wao waandike rufaa na wampigie simu huko mbele. Msimpakie kwenye taksi ya usiku peke yake.

ECG afanyiwe ndani ya dakika kumi baada ya kufika, mnadai hilo kwa adabu lakini mnadai. Ikionyesha mshipa umeziba kabisa matibabu yanaanza pale pale, hakuna kusubiri majibu ya damu. Ikiwa nzuri na maumivu yapo, irudiwe baada ya dakika 15 mpaka 30, maana ECG ni picha ya sekunde chache tu na bonge linafungua na kufunga.

Na mkifika mapokezi chungeni maneno. Kwa Kiswahili chetu na hata kwa Kiganda, ukisema mzee "ana kifua" mwenzako anasikia kikohozi, na nimeona wagonjwa wa moyo wamekaa kwenye benchi la kikohozi wanasubiri kupimwa makohozi. Sema hivi: "kifua kinambana kama kimewekewa mzigo, kilianza saa fulani akiwa amepumzika, alitoka jasho." Kama maumivu yanapanda kwenye taya, bega au mkono sema pia. Utaona wanavyoinuka.

Aspirini. Kama hatapiki damu, choo chake si cheusi kama lami, na aspirini haijawahi kumdhuru, atafune miligramu 300, zile ndogo za 75 ni nne, atafune asimeze nzima. Mwaka 1983 Marekani walichapisha utafiti wa wanaume 1,266 wenye anjaina isiyotulia kama hii, waliopewa aspirini kila siku kwa wiki 12 vifo na mashambulizi ya moyo vilipungua karibu nusu. Kidonge cha bei ya chapati. Lakini mmeambiwa ana alsa, kwa hiyo muulizeni kwanza habari ya choo na kutapika, kukiwa na wasiwasi daktari aamue. Na hili aulizwe pembeni na mtu anayemheshimu, kama ametumia dawa ya nguvu za kiume siku hizi mbili amwambie daktari, kwa sababu ikikutana na dawa ya chini ya ulimi presha inaanguka vibaya. Wazee wanaficha hili.

Mkipimwa na troponini zote mbili zikatoka chini, nitafurahi sana, lakini usikubali arudishwe nyumbani na dawa za alsa tu. Hapo swali linakuwa mshipa umebana kiasi gani: kipimo cha moyo akiwa kwenye mazoezi, echo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), au kuingia kwenye mishipa yenyewe, pamoja na dawa za presha, mafuta na kuzuia damu kugandana. Siku hizi kwa vile mashine zinaona kidogo sana, wengi ambao zamani tungewaita anjaina isiyotulia tunakuta kumbe troponini imepanda kidogo na ni shambulio dogo, mpaka mwaka 2013 madaktari wa moyo wa Marekani Eugene Braunwald na David Morrow wakauliza kwa maandishi kama jina lenyewe litabaki. Kwa mwenye mashine hizo ni hoja nzuri. Huku kwetu ambako stripu ndiyo iliyopo, ugonjwa huu bado unatupita mbele ya macho.

Kabla hamjatoka chukua karatasi uandike: Jumatatu saa kumi na moja alfajiri yameanza, yaliacha saa ngapi, damu saa kumi na mbili na robo, jana yameanza saa ngapi yakaacha saa ngapi, dawa anazomeza zote. Mpe anayeshika mzee, isiwe kwenye simu yako maana chaji itaisha. Troponini ya leo ikitoka nipigie picha karatasi nzima pamoja na ECG, uniandikie saa ya kila moja pembeni, usiku huu niko macho.